Maswali yenu kuhusu paa: bati, slabu na joto la Dar

Kaskazi imeshaanza na barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: nyumba inawaka, tufanyeje? Wengine wanataka niwachagulie feni, wengine wanauliza bei ya AC. Nimezitenga zile zinazogusa paa nizijibu kwanza. Nimesimamia ujenzi katika jiji hili tangu nikiwa binti, na nasema bila kusita kwamba kwa nyumba ya chini yenye bati, joto kubwa la mchana linaingilia juu. Kabla hujatoa hela yoyote ya kupoza chumba, panda ngazi ulitazame paa lako.

*Shikamoo mama. Naishi Mbagala Rangi Tatu kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba. Ina vyumba sita, bati zote zimeota kutu na dari hakuna. Kuanzia saa sita mchana ndani hakukaliki. Mwanangu mdogo amejaa harara shingoni na mgongoni, usiku anakesha akilia. Fundi wa mtaani kaniambia niezue zote niweke geji 28, eti bati nene halipitishi joto. Hela ya kuezeka upya sina. Mwezi ujao napokea mchezo wa upatu, si nyingi. Nianzie wapi?* (Mama wa mtoto mmoja, Mbagala)

Marahaba mwanangu, na poleni sana, wewe na mtoto. Usiezue. Hela ya mchezo inaweza kukutoa kwenye shida hii bila kubadilisha bati hata moja, mradi papi na kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, bado ni nzima.

Nianze na hilo la geji, kwa kuwa nalisikia kila mtaa. Geji ni kipimo cha unene: namba ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Geji 28 ni imara kuliko geji 30 au 32, haibonyei ovyo ikikanyagwa na inadumu zaidi. Kwa upande wa joto haikupi nafuu yoyote. Chuma hupitisha joto upesi, na tofauti ya unene kati ya geji hizo ni ndogo mno kulizuia. Fundi wako ni mkweli kuhusu uimara, lakini kwenye joto anakupoteza.

Kinachokutesa ni ile kutu, pamoja na uwazi ulio kati ya bati na kitanda. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hutupitia wima utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na kati ya Oktoba na Machi halisogei mbali na utosi. Kuta zako zinapata jua la asubuhi na la jioni. Jua la saa tano hadi saa tisa, ambalo ndilo kali, linabebwa zaidi na paa. Mbingu ikiwa safi adhuhuri, kila mita ya mraba ya paa hupokea karibu wati 1,000, sawa na pasi ya umeme iliyowashwa. Nyumba ya vyumba sita ina paa la mita za mraba 80 hivi, basi hesabu pasi 80. Bati lililojaa kutu humeza kama nne katika kila tano. Likipakwa rangi nyeupe na likabaki safi, hurudisha nne angani na kumeza moja. Kwa hiyo ama mtoto wako analala chini ya pasi 64, ama chini ya pasi 16.

Bati likishachemka, halingoji kwanza lipashe hewa ya chumbani. Linatuma mionzi ya joto moja kwa moja hadi kwenye godoro na kwenye vichwa vya watu. Ndiyo maana unafungua madirisha yote, upepo unapita, na utosi bado unauma.

Nikueleze nilichokiona Vingunguti. Familia moja ilinunua rangi nyeupe ikaishia nusu ya paa: vyumba vya kushoto vyeupe, vya kulia kutu tupu. Nilipanda pale saa saba mchana na kile kipimajoto cha kuelekeza, kama vile vilivyosambaa wakati wa korona, ila hiki ni cha mafundi. Upande wa kutu ulipita nyuzijoto 60. Upande mweupe, hatua mbili tu kutoka pale, ulikuwa chini kidogo ya 45, na niliweza kuuwekea kiganja na kukiacha. Bibi mwenye nyumba hakuhitaji kipimo changu, alishahamishia godoro lake upande wa kushoto siku nyingi. (Kwa mafundi wanaonisoma: kipimo hicho kinadanganya kwenye bati jipya linalong'aa, kinasoma joto dogo kuliko lililopo. Bandika kipande cha utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, kiache kipate joto la bati, kisha pimia juu ya utepe.)

Na hapo hapo nijibu kabla sijaulizwa: bati jipya linalong'aa si sawa na jeupe. Linarudisha zaidi ya nusu ya jua, ni kweli, lakini chuma kitupu ni kizito kuliachia joto kililokwisha kulimeza, hivyo nalo linachemka vibaya. Rangi inafanya kazi zote mbili, inarudisha jua na kuliachia upesi lile kidogo lililoingia.

Sasa kazi yenyewe. Wakati mzuri kuliko wote ni kiangazi cha Juni hadi Septemba, lakini kwa hali ya mtoto usingoje, tafuta siku mbili tatu kavu. Panda asubuhi bati likiwa la baridi, na kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, maana hapo chini ndipo papi ilipo. Ukikanyaga katikati utalibonyeza au utatumbukia. Sugua kutu iliyolegea kwa brashi ya waya. Osha kwa maji na sabuni ya unga, suuza vizuri, acha likauke. Paka praima ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji ya nje, ile inayoandikwa kuwa ni ya akriliki. Usichukue rangi ya ndani ya bei rahisi, mvua moja ya masika itaimalizia barazani. Usipake bati likiwa la moto, rangi itakauka kabla haijashika. Kwa paa lako nakadiria ndoo mbili za lita 20, pamoja na praima. Hela ikipungua, anza na sehemu iliyo juu ya chumba cha mtoto.

Kuna wanaopaka chokaa kwenye bati kwa kuwa ni rahisi. Chokaa mbichi hula zinki, na zinki ndiyo inayolinda bati. Kwako kutu imeshaimaliza, lakini chokaa haitashika kwenye bati linalotanuka na kusinyaa kila siku. Iache kwa ajili ya zege. Na wenye mabati mapya ya zinki wasipake rangi ya mafuta juu yake moja kwa moja, itabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Mchezo mwingine ukija, weka dari. Hata silingi bodi za bei ya chini zinakata ile mionzi, ila acha matundu kwenye upenu na juu ya kuta za pembeni ili hewa ya moto iliyo kati ya dari na bati ipate pa kutokea. Najua wengi hutandika shuka au maboksi juu ya kitanda. Inasaidia kweli, lakini tafadhali isiguse waya wala taa. Moto wa nyumba za namna hiyo nimeuona na sitaki kuuona tena.

Na harara: mwogeshe kwa maji yasiyo ya moto, mvishe pamba nyepesi, usimpake mafuta mazito. Akipata homa au vipele vikitoa usaha, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

*Habari za kazi mama. Nimejenga hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, huko Kivule. Mke wangu anataka paa la kuficha nyuma ya ukuta, kama nyumba tunazoziona mitandaoni. Mimi nataka bati la msauzi la rangi ya mkaa, linapendeza na halionyeshi vumbi. Rafiki yetu anasema tukiweka dari ya jipsamu, rangi ya bati haina shida. Tuamulie.* (Mjenzi, Kivule)

Nzuri kaka, na hongereni, kufika lenta si mchezo. Nitawaudhi wote wawili kidogo.

Rangi ya mkaa inameza karibu jua lote. Pita barabara yoyote ya Goba, Bunju au Chanika utahesabu mapaa meusi, ya kahawa na ya maruni. Yamekuwa fasheni, na naumia kila ninapoyaona, kwa sababu wenye nyumba hizo watanunua umeme wa kujipoza kwa maisha yote ya paa lile. Jipsamu inasaidia, lakini haifuti kosa la rangi. Joto linakusanyika kwenye uwazi wa juu, jipsamu yenyewe inapata moto, na jioni mnapokaa kula ndipo inapowashushia. Hilo rafiki yenu halioni, kwa kuwa anapita kuwatembelea asubuhi.

Kama nyeupe mnaiona imezidi, chukueni krimu au kijivu chepesi kabisa. Vumbi litaonekana, sawa. Paa jeupe likikaa miaka michache bila kuoshwa hushuka kutoka kurudisha asilimia 80 ya jua hadi karibu 60. Bado ni mbali sana na la mkaa. Liosheni kila mwaka kabla ya joto kuanza, maji na brashi laini tu.

Kuna jambo moja la kuuliza dukani. Karibu nusu ya nguvu ya jua haionekani kwa macho, na viwandani sasa zipo rangi zinazorudisha sehemu kubwa ya hiyo nusu isiyoonekana hata kama bati lenyewe ni la kijani au jekundu. Kwa hiyo mabati mawili ya rangi moja yanaweza kutofautiana kwa joto. Muulize muuzaji karatasi ya kiwanda inayosema bati lake linarudisha asilimia ngapi ya jua. Akikosa karatasi, amini weupe peke yake.

Paa la kuficha, shemeji yangu anisamehe, ndilo linanisumbua zaidi. Bati linalazwa karibu tambarare nyuma ya ukuta mfupi, uwazi wa juu unakuwa mdogo na umefungwa pande zote, na upenu haupo. Kwa hiyo ukuta wa magharibi unapigwa jua la alasiri bila kinga, mvua ya masika inalowesha madirisha, na majani yakiziba mfereji maji yanarudi ndani. Zitazameni nyumba za zamani zilizobaki Ilala na Temeke, zile zenye korido katikati na baraza mbele. Upenu wake umetokeza, ukuta unakaa kivulini, na watu wanakaa barazani saa nane mchana bila feni. Mimi ningejenga paa la mgongo lenye upenu wa sentimita 90. Kama uamuzi umeshapita, basi acheni matundu ya kutosha kwenye ule ukuta wa kuficha, pande mbili zinazotazamana, wekeni bati jeupe (hakuna atakayeliona kutoka barabarani, kwa hiyo hata sababu ya kupendeza haipo) na mjenge vipaa vya zege vya kukinga jua juu ya madirisha ya magharibi.

Mkiwa na nafasi ya kuongeza kitu kimoja, tandikeni karatasi ya foili chini ya bati kabla ya kuezeka. Upande unaong'aa utazame chini, na chini yake uwepo uwazi wa sentimita mbili au zaidi. Ikigusana na bodi haifanyi kazi, na ikitazama juu vumbi litaifunika.

*Shikamoo mama. Nimepanga ghorofa ya mwisho Kariakoo, juu yangu ni slabu, paa la zege tambarare. Mchana niko dukani. Nikirudi saa mbili usiku dari linatoa joto mpaka alfajiri, AC inamaliza umeme wa LUKU. Mwenye nyumba anasema Dar nzima ina joto, nivumilie. Ni kweli?* (Mpangaji, Kariakoo)

Marahaba. Ana nusu ya ukweli. Mji uliojaa zege na lami, na miti ikiwa michache, huwa na usiku wa joto kuliko mashamba yanayouzunguka. Lakini chumba chako kina joto lake la ziada, na hilo linatoka kwenye slabu yake.

Zege ni kinyume cha bati. Bati linapata moto upesi na kupoa upesi, utalisikia likilialia jua linapozama. Zege la sentimita 15 hulichelewesha joto kwa saa nne au tano. Jua la saa tisa alasiri linakufikia wewe saa mbili usiku, umetoka dukani unataka kulala. AC inapambana na slabu iliyokunywa jua kutwa nzima, na joto inalolitoa chumbani inalimwaga nje kwa jirani, kwenye uchochoro ule ule ambao na yeye anafungulia dirisha.

Suala hili si la raha tu. Julai 1995 wimbi la joto liliua watu zaidi ya 700 katika jiji la Chicago, na watafiti walipofuatilia vifo vile waligundua kuwa wakazi wa ghorofa ya juu kabisa walikuwa kwenye hatari kubwa kuliko wa ghorofa za chini. Ahmedabad, India, ambako joto ni kali kuliko letu, walianzisha mwaka 2017 mpango wa kupaka mapaa chokaa nyeupe, na walianza na nyumba za watu wa kipato cha chini. Sisi tulikuwa 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam kwenye sensa ya 2022, na sijui kwa nini manispaa zetu zisianze na masoko, zahanati na vituo vya mabasi. Hayo ni mapaa ya umma, yapo tayari, hayahitaji kumbembeleza mtu.

Mwenye nyumba wako mwambie lugha ya mfukoni mwake. Slabu inayopata moto mchana na kupoa usiku hutanuka na kusinyaa, inapata nyufa, na nyufa ndizo zinazoleta mvujo anaoulipia ukarabati kila masika. Ikiwa nyeupe inatulia. Kwanza nyufa zizibwe na maji yapate njia ya kutelemka. Kisha chokaa iliyolowekwa usiku kucha, ichanganywe na gundi nyeupe ya seremala kidogo, ipakwe mikono miwili. Itahitaji kurudiwa kila baada ya masika. Akiwa na uwezo zaidi, zipo rangi nyeupe za mpira za kuzuia mvujo zinazodumu miaka.

Angalizo moja la Kariakoo: ghorofa zimepandana. Kama jengo la jirani ni refu kuliko lenu, slabu nyeupe pee itawarushia mwanga machoni. Zungumzeni nao, pengine krimu itafaa. Na bustani ya juu ya paa ambayo vijana wengi mnaipenda, hiyo isianzishwe bila mhandisi. Udongo wa sentimita 10 ukilowa unaweza kupita kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na slabu yenu haijulikani ilikadiriwa kubeba nini. Vyungu vichache kwenye ukingo uliopo juu ya nguzo, sawa.

*Mama, shule yetu ina paa la zamani la asbesto, limekuwa jeusi kwa ukungu. Wazazi wamejitolea kuja Jumamosi kulisugua na kulipaka nyeupe. Tununue brashi ngapi?* (Mwalimu, Kigogo)

Hata moja, mwalimu. Ahirisha hiyo Jumamosi leo hii. Asbesto ikisuguliwa, ikitobolewa au ikivunjwa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, zinazoingia mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Bodi hizo zikizeeka pia hukatika ghafla, na mtu huanguka. Andikeni kwa mhandisi wa manispaa, kazi hiyo ina watu wake wenye mavazi yake. Wazazi waje na miche: mwarobaini au mkungu upande wa magharibi wa madarasa, mbali kidogo na msingi. Vipande vilivyokwisha kuanguka uwanjani msifagie vikavu na watoto wasivichezee.

*Mwanangu, mimi mzee wa Kigamboni. Bati langu nimelipaka jeupe, kumepoa kweli. Ila nakinga maji ya mvua kwenye tangi. Je, yana neno? Na wajukuu wanataka banda la makuti uani.* (Mzee, Kigamboni)

Shikamoo baba. Maji hayana neno kwa sababu ya weupe. Kisiwa cha Bermuda kina mapaa meupe ya chokaa tangu zamani na watu wake wanakunywa maji yanayokingwa humo. La muhimu ni rangi isiwe na madini ya risasi, tazama maandishi ya kwenye ndoo. Mvua ya kwanza baada ya kupaka, na ya kwanza ya kila msimu, iache imwagike, imebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa chemsha.

Makuti yanafaa sana uani. Yamepangwa tabaka kwa tabaka, kati yake kuna hewa, na hewa ya moto inapenya na kutokea juu. Yawe na mwinamo mkali ili maji yasitulie, la sivyo yataoza upesi. Muwe tayari kubadilisha baada ya miaka michache. Jiko lisikae chini yake, na banda lisikaribiane na nyumba ya jirani, maana cheche moja ya kaskazi inatosha kuunguza nyumba zote mbili.